Umeapgredi, sasa watu hawaingii kwenye desktopu ya mbali: tafuta kwanza imekwama wapi

Shikamooni wakubwa zangu mliopo humu, na vijana wenzangu mambo vipi. Nimeombwa niongelee kitu kimoja tu leo, ile hali ambayo wengi wenu mnaosimamia maseva na maabara za kompyuta mmeshakutana nayo. Jana watu walikuwa wanaingia kwenye desktopu ya Linux kutoka mbali vizuri kabisa, usiku ukaapgredi, asubuhi simu zinaanza, mmoja anasema skrini nyeusi, mwingine anasema inamtupa nje, mwingine hata kile kiboksi cha kuweka paswedi hakioni. Na nyuma ya hizo simu kuna watu na kazi zao, kuna mwanafunzi data zake za utafiti ziko mle ndani na siku ya kukabidhi imefika, kuna mhasibu yuko wilayani huko na programu yake ya hesabu iko kwenye seva ya makao makuu, kwa hiyo msilione ni jambo la mitambo tu, kazi za watu zimesimama na wanakusubiri wewe.

Nitaongelea xrdp kwenye Ubuntu kwa sababu ndo ninayokutana nayo sana, mtu ana Windows yake, anafungua ile programu ya Remote Desktop, anaandika aipii anaingia kwenye Linux. Ukiielewa hii, VNC, ile njia nyingine ya kuona skrini ya mbali, nayo haitakusumbua sana.

Tatizo kubwa ninaloliona kwa mafundi wetu sio kukosa ujuzi, ni haraka. Mtu akisikia tu "haiingii" anafuta xrdp anainstoli upya, haijakubali anazima fayawolu, haijakubali anachukua amri kumi alizozikuta mtandaoni anazimwaga zote kwa pamoja, mwisho seva inaweza hata ikakubali lakini hajui kilichoitibu ni kipi na ameacha milango mitano wazi. Fundi bomba mzuri maji yasipotoka haanzi kuvunja ukuta, anafungua koki moja moja aone yameishia wapi, na hapa ni hivyohivyo.

Maana kulogini kwa namna hii sio tendo moja jamani, ni safari ndefu kidogo. Kwanza kompyuta ya mtu inafika kwenye poti 3389 ya seva, xrdp inampokea, wanapatana usimbaji wa TLS, halafu ndo kinatokea kile kiboksi cha jina na paswedi. Ukishaandika, kuna mwenzake anaitwa xrdp-sesman anapeleka paswedi yako kwa PAM ihakikiwe, ikikubali anawasha Xorg mpya, programu inayochora skrini, kwa ajili yako peke yako, kwa kawaida display namba 10 na kuendelea, na hiyo Xorg ikishasimama linaendeshwa faili la /etc/xrdp/startwm.sh ambalo ndo linaita desktopu yenyewe, iwe GNOME au XFCE au MATE. Ukiapgredi Ubuntu nzima umegusa kila hatua niliyoitaja hapo, Xorg imebadilika, GNOME imebadilika, polkit inayotoa ruhusa imebadilika, systemd inayoendesha huduma imebadilika, xrdp yenyewe imebadilika. Sasa unapoilaumu xrdp peke yake unakuwa umechagua mtuhumiwa kabla ya kusikiliza kesi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekupigia simu liwe hili: umeona nini cha mwisho kabla haijagoma? Hilo tu. Kama hakuona kiboksi cha paswedi kabisa, umekwama kwenye mtandao, kwenye huduma au kwenye TLS. Kama kiboksi kimetokea na paswedi imekataliwa, ni PAM, au umefika kwa mtu asiye xrdp, hilo nalifikia sasa hivi. Kama paswedi imekubali halafu imebaki ile rangi ya bluu-bluu ya xrdp au imekutupa nje sekunde hiyohiyo, Xorg imekataa kuwaka. Kama imekuwa nyeusi tii na mshale wa mausi unaouona, Xorg imewaka ila desktopu imekufa. Mtumiaji wako ambaye hajui hata Linux ni nini ameshakutajia nusu ya jibu, ila uwe umemuuliza.

Tuanze na wasioona kiboksi. Ingia kwa SSH, andika sudo ss -tlnp halafu angalia nani amekaa kwenye 3389. Msiridhike kuona poti iko wazi tu, someni na jina la programu iliyoishika, maana hapa watu wanapotea sana. Ubuntu 22.04 ilikuja na GNOME 42, na kwenye GNOME hiyo ile sehemu ya kushea desktopu iliyopo kwenye Settings ilihama kutoka VNC kwenda RDP, ile lugha ya Remote Desktop ya Windows, na RDP poti yake ndo hiyohiyo 3389. Kwa hiyo mtu ametoka 20.04 kwenda 22.04, kuna aliyewasha kushea desktopu kwenye Settings, gnome-remote-desktop imewahi poti, xrdp inakuta kiti kina mtu. Mteja anafika, anaulizwa paswedi, anaweka ya kwake ya kila siku inakataliwa, kwa sababu gnome-remote-desktop ina jina lake na paswedi yake inayowekwa hukohuko kwenye Settings. Unaweza kubadilisha paswedi za watu siku nzima hapo na usipate kitu. Chagua mmoja, zima kule Settings au hamishia xrdp poti nyingine ndani ya /etc/xrdp/xrdp.ini, basi.

La TLS ni fupi. xrdp inasoma ufunguo ambao kwa kawaida ni kiungo kinachoelekea kwenye /etc/ssl/private/ssl-cert-snakeoil.key, na faili hilo wanaruhusiwa kulisoma root na kundi la ssl-cert tu. Ukikuta kwenye /var/log/xrdp.log inalalamika haiwezi kusoma ufunguo, mwingize mtumiaji xrdp kwenye kundi la ssl-cert, ristati huduma, umemaliza.

Na msisahau kompyuta ya upande wa pili nayo inaapgrediwa. Mnakumbuka Mei 2018, apdeti ya Windows ya tarehe 8 mwezi ule ilibadilisha mpangilio wa CredSSP, njia ya Windows ya kupitisha paswedi kwa Remote Desktop, kwa ajili ya udhaifu ule wa CVE-2018-0886, watu dunia nzima wakaamka Remote Desktop inagoma kuingia kwenye seva za Windows ambazo zilikuwa hazijawekewa apdeti. Seva haikuguswa na mtu, mteja ndo alibadilika. Dawa ilikuwa kuiapdeti seva, lakini wengi walikwenda kwenye rejista wakashusha ulinzi ili waingie siku ile, na wengine hawakurudi kuupandisha. Ndo maana nasisitiza ukifungua kitu kwa ajili ya kupima, kiandike mahali, ukimaliza kifunge. SSH nayo ilishafanya hivyo, OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali saini za zamani za ssh-rsa zenye SHA-1, Ubuntu 22.04 ina 8.9, kwa hiyo mtu mwenye PuTTY ya kabla ya 0.75 na ufunguo wa RSA ataambiwa ufunguo wake umekataliwa wakati ufunguo ni mzima kabisa, kinachotakiwa ni PuTTY mpya.

Haya, tuje kwenye Xorg inayokataa kuwaka. Hapa logi ya kusoma iko kwenye hom ya mtumiaji mwenyewe, inaitwa .xorgxrdp.10.log, namba inafuata display, pamoja na /var/log/xrdp-sesman.log. Kuna pakeji inaitwa xorgxrdp, hizi ni moduli zinazochomekwa ndani ya Xorg ili ichore kwenye mtandao badala ya kwenye kadi ya video, na moduli za Xorg zina namba ya ABI, yaani toleo la mlango wa kuunganishia, ambayo lazima ilingane na Xorg iliyopo. Sasa kama mlijenga xrdp wenyewe kutoka kwenye sosi, au mliitoa kwenye PPA, hazina ya pakeji ya mtu binafsi, mkiapgredi Ubuntu hizo PPA zinazimwa na zile moduli za zamani zinabaki zimejengwa kwa Xorg ambayo haipo tena. Logi itakwambia wazi kabisa kwamba ABI hazilingani. Hata ndani ya 18.04 hii ilitokea, watu walipohamia Xorg ya HWE, ile mpya zaidi ya kusaidia vifaa vipya, ikabidi watafute pakeji ya xorgxrdp-hwe-18.04. Lingine dogo ni faili la /etc/X11/Xwrapper.config, kama lina allowed_users=console basi mtu ambaye hajakaa mbele ya mashine haruhusiwi kuwasha Xorg, na mtu wa mbali ndo huyohuyo.

Na kabla hamjaenda mbali, df -h. Naomba mniamini kwenye hili, diski ikijaa mtu haingii, kwa sababu Xorg na desktopu wanataka kuandika vitu kwenye hom na kwenye /tmp, na kuapgredi kunashusha pakeji nyingi sana. Angalia pia df -i, nafasi inaweza kuwepo lakini inodi, nafasi za kuorodhesha mafaili, zimeisha. Na angalia ~/.Xauthority ni ya nani, kuna watu wanaendesha programu za picha kwa sudo halafu faili lile linakuwa la root, mwenyewe akirudi haliwezi.

Sasa skrini nyeusi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo inayosumbua kuliko zote. GNOME kuanzia 3.34 ya mwaka 2019 ilianza kuendeshwa kupitia systemd ya mtumiaji, na systemd ya mtumiaji ni moja kwa kila mtu, sio moja kwa kila skrini. Maana yake ni kwamba mtu yuleyule hawezi kuwa na GNOME mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye meza ofisini na nyingine kwa xrdp kutoka nyumbani. Mtu anatoka kazini kafunga skrini tu, hajalogauti, anafika nyumbani anajiunga anapata weusi. Andika loginctl list-sessions utaona jina lake mara mbili. Halafu kwanini inaonekana imeletwa na kuapgredi? Kwa sababu kwenye toleo la zamani alikuwa anapita, jipya limemkatalia, au baada ya kuapgredi mashine iliwashwa upya ikamlogini mtu moja kwa moja pale mezani bila yeye kujua.

Kuna dawa maarufu, mtaiona kila mahali, kuongeza kwenye startwm.sh mistari ya unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS na unset XDG_RUNTIME_DIR. Inafanya kazi, weusi unaondoka. Ila mjue mmefanya nini, mmemnyang'anya mtumiaji basi lake la D-Bus la systemd, ile njia ambayo programu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, mkampa lingine la pembeni, na Firefox kwenye Ubuntu toka 22.04 inakuja kama snap, pakeji inayofungiwa peke yake, na snap inahitaji lile basi la systemd ili ijiwekee mahali pake kwenye cgroup, yaani fungu lake la michakato. Matokeo yake mtu anaingia vizuri kwenye desktopu, anakliki Firefox, kimya. Ukiiendesha kwenye terminali utaona inalalamika kwamba ile sesheni sio cgroup ya snap. Kwa hiyo umetibu simu ya kwanza ukazalisha ya pili, na fundi asiyejua uhusiano huu ataanza kuhangaika na Firefox kana kwamba ni tatizo jipya. Mimi msimamo wangu ni kwamba watu wafundishwe kulogauti mezani, au wapewe XFCE kwa ajili ya kuingia kwa mbali, ile mistari iwe ya dharura tu. XFCE ni nyepesi pia, na kwa mtu anayeingia kwa bando la simu akiwa wilayani utofauti anauona.

Dawa nyingine inayosambaa ni WaylandEnable=false ndani ya /etc/gdm3/custom.conf. Hii kwa xrdp haisaidii kitu ndugu zangu, xrdp haipiti kwenye GDM, ile skrini ya kulogini ya mezani, inawasha Xorg yake yenyewe. Inasaidia wale wanaotumia x11vnc, kwa sababu x11vnc inachungulia skrini ileile ya mezani, na skrini hiyo ikiwa ni Wayland, mrithi wa mfumo wa X, inachokiona ni Xwayland tu, lile daraja la programu za X, weusi. Ni dalili moja kwa macho lakini ugonjwa tofauti, ndo maana nasema msikopi amri kabla hamjajua nyie mko kwenye hatua ipi.

Kipimo kinachookoa muda sana hapa ni kutengeneza mtumiaji mpya wa majaribio na kujaribu kuingia naye. Akiingia vizuri, basi seva ni nzima, tatizo liko ndani ya hom ya mwenye malalamiko, nenda kwenye ~/.xsession yake, ~/.xsession-errors yake, .bashrc au .profile yake maana kuna waliowasha Anaconda mle ikaleta dbus yake mwenyewe ikatangulia ya mfumo. Asipoingia, rudi kwenye seva. Hicho kipimo kimoja kinakata kazi nusu.

Halafu nendeni mkaangalie /etc kwa find /etc -name '*.dpkg-*', na ya pili kwa '*.ucf-*'. Wakati wa kuapgredi kuna swali linakuja, faili hili la konfigi umelibadilisha, ubaki na lako au uweke jipya? Watu wanabonyeza tu ili iendelee. Ukichagua jipya, lako linawekwa pembeni kama .dpkg-old, yaani ile startwm.sh mliyoihangaikia miaka miwili iliyopita imeondoka kazini na hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwepo. Ukibaki na la zamani, jipya liko hapo kama .dpkg-dist na pengine lina kitu ambacho toleo jipya linakitaka. Yafungue yote mawili kwa diff. Kesi nyingi sana zinaishia hapohapo, bila kuinstoli kitu chochote.

Wapo pia walioingia salama ila wanasumbuliwa na kijidirisha kinachodai paswedi ya admin kwa ajili ya kifaa cha rangi. Hiyo ni colord inaomba ruhusa kwa polkit, kwa sababu mtu wa mbali hahesabiwi kama aliyeketi kwenye mashine. Wengi mlishaitibu zamani kwa faili la .pkla, sasa kwenye Debian 12 na Ubuntu 24.04 polkit ni mpya, yenyewe inasoma sheria zilizoandikwa kwa JavaScript ndani ya /etc/polkit-1/rules.d, na .pkla zinasomwa tu kama pakeji ya polkitd-pkla ipo. Andikeni upya sheria yenu kwa mtindo mpya, ni mistari michache.

Kuhusu kabla ya kuapgredi nitasema haraka. Kopi /etc/xrdp yote weka pembeni. Piga snapshoti kama ni mashine pepe. Usiapgredi ukiwa ndani ya xrdp, tumia SSH, na do-release-upgrade yenyewe ukiwa kwa SSH inakufungulia sshd ya ziada kwenye poti 1022, kwa hiyo ruhusu poti hiyo kwenye fayawolu kwa muda. Kama seva ni ya kukodi na iko Ulaya huko, hakikisha siku hiyo unaweza kufika kwenye konsoli ya mwenye seva kupitia tovuti yake, usije kuijaribu kwa mara ya kwanza saa nane usiku. Na 3389 isikae wazi kwa intaneti nzima, pitishieni ndani ya SSH, ssh -L 3390:localhost:3389 jina@seva halafu mteja anajiunga na localhost:3390. Tulishaona BlueKeep, ule udhaifu wa Remote Desktop, mwaka 2019 kwenye upande wa Windows, hatuhitaji ushahidi mwingine.

La mwisho ni hiki kinachokuja, na hapa ndo ninaomba msikilize hata mlio na maseva yanayofanya kazi vizuri leo. Mfumo wa X, ambao Xorg ni seva yake, ulianza MIT mwaka 1984, X11 ikatoka 1987, na kila kitu nilichoeleza leo kimesimama juu yake. RHEL 10, Linux ya Red Hat, iliyotoka Mei 2025 imeondoa seva ya Xorg, imebaki Xwayland, na kuingia kwa mbali kwa picha wanakuelekeza gnome-remote-desktop kwa RDP. Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025 ina GNOME 49, na GNOME yake ni ya Wayland tu, sesheni ya Xorg haipo. Kwa hiyo anayeendesha GNOME ndani ya xrdp kwenye 24.04, akipanda juu kutoka hapo hakuna mstari wa startwm.sh utakaomrudishia alichokuwa nacho. Njia alizonazo ni kuwahamishia watu XFCE au MATE ambazo bado zinawaka juu ya Xorg ndani ya Ubuntu, au kuhamia kwenye ile Remote Login ya GNOME iliyoingia toka toleo la 46, ambayo inakuwezesha kulogini kwa RDP hata kama hakuna mtu aliyeketi mezani.

Chukueni mashine moja ya pembeni mjaribu hizo njia mbili sasa hivi mkiwa mmetulia, mjaribu kwa laini ileile dhaifu anayotumia yule mhasibu wa wilayani na sio kwa kebo ya chumba cha seva, na mwiteni mtumiaji mmoja wa kweli akae aitumie siku nzima awaambie nini kimemkwaza. Sasa naomba maswali, na mwenye seva iliyogoma kwa sasa aje hapa mbele na .xorgxrdp.10.log na xrdp-sesman.log zake tuzifungue pamoja.